Nyuma ya Pazia la Mwalimu Ausi

Jumatatu, 10 Rajabu 1304

Karatasi hizi ni za kufungia sukari, kutoka dukani kwa Mhindi. Nimezinyoosha kwa kuzikalia asubuhi nzima — watu wakadhani naumwa kiuno. Wino ni masizi ya sufuria na gundi. Nikishaandika nitazificha kashani chini ya sanda yangu, maana humu ndani hakuna anayetamani kuigusa.

Niseme ilivyo, kwa kuwa sina wa kumwambia. Kaka Mbaruku amemwajiri Mwalimu Ausi aje nyumbani kumsomesha bintiye, Mina. Mina amevunja ungo, hatoki tena kwenda chuoni. Mwalimu naye ni mwanamume wa nje. Basi pazia limetundikwa katikati ya ukumbi. Mwalimu anakaa upande wa mlangoni na bakora yake, Mina upande wa ndani na msahafu wake. Na mimi Ashatu, shangazi mtu, niliyemlea tangu mama yake afariki, nimewekwa pale pale niwe mlinzi. Kulinda nini, sijui. Mwalimu ana kikohozi na magoti mabovu.

Mwezi wa kwanza tu Mina akasinzia. Mwalimu akauliza herufi, kimya. Akauliza tena. Nikaona mtoto atatukanwa, nikajibu mimi, kwa sauti nyembamba. Mwalimu akafurahi, akasema leo Mina umefunguka.

Tangu siku hiyo msomaji ni mimi! Mina anasuka ukili, akichoka analala chali kama samaki sokoni. Tumetoka kwenye alifu, tukapanda juzuu ya Amma, tukapanda ya Tabaraka, sasa nyuma hakuonekani. Mwalimu anatangaza msikitini kwamba binti wa Mbaruku ana akili ya ajabu. Kaka anarudi nyumbani kifua mbele. Mimi namwandalia chakula, nainamisha uso nisicheke.

Jumatano, 12 Rajabu

Siku ya ubao. Mwalimu anaandika maneno juu, anausukuma chini ya pazia, nami nayafuatisha chini yake kisha narudisha. Leo kautazama muda mrefu. Akasema mkono huu mzito kidogo kwa msichana. Nikamjibu ni kwa sababu ya kutwanga.

Mina kajiziba mdomo kwa kanga. Hajashika mchi tangu mwezi mtukufu uliopita.

Nimegundua jambo la maana. Nikifika mahali pagumu, namkonyeza Mina atoke mlango wa uani apeleke sahani ya vitumbua upande wa pili kwa mkono wa mpishi. Mwalimu hawezi kukataa kitumbua. Na mwenye kitumbua mdomoni hasahihishi! Napita mahali pagumu taratibu, narudia mara mbili tatu peke yangu, na akimaliza kumeza nimeshapaelewa. Ila baadaye ananirudisha pale pale. Si mjinga, mwalimu wangu.

Nimesema mwalimu wangu.

Jumamosi, 15 Rajabu

Leo nilikaribia kuharibu kila kitu.

Mwalimu alipomaliza somo akasema atampa Mina mawaidha ya unyumba, kwa kuwa umri umefika na mwalimu si wa herufi tu. Mina akaamka kwa hilo! Mwalimu akaanza: mume akirudi ana hasira, mke anyamaze, amletee maji.

Mimi nimeolewa mara mbili. Mmoja kafa, mmoja kaniacha. Ulimi ukanitoka.

"Na akirudi hana hasira ila hana kitoweo, Mwalimu?"

Nikasikia bakora ikiteleza sakafuni. Kisha kikohozi kirefu — kikohozi gani kile, kina kicheko ndani yake. Akasema swali hilo halikuwamo katika kitabu alichosomea yeye, atakwenda kulitafakari. Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Mina ananiambia, Shangazi, msichana gani atauliza hivyo! Kweli. Lakini nilitaka jibu.

Jumanne, 18 Rajabu

Kaka karudi kutoka shamba la Kerege na magunia ya mbata, na habari. Mina ameposwa! Mposaji ni Mrisho wa Saadani. Mina alishamwona siku moja akipita njiani na wapagazi wa baba yake, akachungulia tundu la dirisha mpaka alama ya ubao ikabaki shavuni. Leo anaimba kila chumba.

Ila mama wa kijana, Bi Tabia, ana sharti lake. Nyumba yao ni ya wasomaji, mke wa mwanawe lazima awe amehitimu. Atakuja mwenyewe na watu wake wasikilize hitima.

Kaka akamwita Mwalimu barazani akamuuliza itachukua muda gani. Mwalimu akasema, akiendelea alivyo, kabla ya Ramadhani atakuwa amemaliza. Kaka akampa mkono. Furaha tupu.

Nami nikaenda kukuna nazi. Nikakuna, nikakuna, nikajikuna kidole. Ndipo wazo liliponiingia. Mina akihitimu, Mwalimu hana sababu ya kuja. Pazia litashushwa, lifuliwe, litandikwe kitandani. Mimi nitarudi kuwa shangazi wa jikoni.

Nilimwomba Kaka zamani, kabla ya haya yote. Nilimwambia nataka kusoma. Hakukasirika — alicheka. "Ashatu, wewe sasa usome ili uende wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Hakujua kama aliniumiza. Nami sikumwambia.

Jumatano, 19 Rajabu

Nimepata shauri. Nitasahau!

Jumamosi, 22 Rajabu

Msahafu siwezi kuuchezea, namwogopa Mungu. Kwa hiyo kwenye msahafu nakwama tu. Nafika kati ya aya, nanyamaza, napumua kama mbuzi aliyepanda ngazi. Mwalimu anagonga bakora mara moja — ndiyo ishara yake ya kosa. Nangoja. Anagonga tena. Nasema nimesahau.

Ila kwenye ubao najimwaga. Yenye nukta nainyima, isiyo na nukta naigawia. Penye vichwa naweka mikia. Mina alitazama akasema hata yeye hawezi kuandika vibaya namna ile. Nikajiona fundi.

Jumatatu, 24 Rajabu

Nimesahau vizuri sana leo. Mwalimu hakugusa vitumbua.

Hilo la vitumbua sikulipenda.

Jumatatu, 1 Shaabani

Mambo yameharibika, na mkono ni wangu mwenyewe.

Kaka alisimama nyuma ya mlango akasikiliza somo. Alisikia kukwama kote. Somo lilipokwisha wakaketi barazani na Mwalimu, nami nikawa nafagia pale ndani karibu na dirisha, nafagia mahali pamoja tu. Kaka alimwambia kwamba mtoto anarudi nyuma na watu wa Saadani wanakuja. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba mwanafunzi ana jambo moyoni, apewe muda. Kaka akasema muda hana. Wiki hii isipoonekana nafuu, ataleta mwalimu mwanamke kutoka Unguja, wa kukaa na Mina uso kwa uso.

Uso kwa uso! Pazia litakuwa la nini tena? Na mimi nitajificha wapi, chini ya mkeka?

Kisha Mina akanifuata jikoni. Leo hakuwa na mzaha. Alilia machozi ya kweli. Akasema, "Shangazi, unasoma kwa jina langu, sikukukataza hata siku moja. Sasa na kuolewa kwangu unakuchelewesha?"

Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Mtoto niliyembeba mgongoni, nikamfanyia hivi kwa ajili ya vijiherufi. Nilimfuta uso kwa kanga yangu nikamwahidi yamekwisha. Na yamekwisha. Lakini moyo unauma, nisijidanganye. Sipendi kabisa kuwa mwema leo.

Jumanne, 2 Shaabani

Mwalimu hakufungua msahafu. Alisukuma chini ya pazia ule ubao wa jana, haujaoshwa. Makosa yangu yote yamekaa pale yananitazama.

"Mina," akasema, "umekosea kila nukta. Hakuna hata moja uliyoipata. Asiyejua hupata mojamoja kwa bahati."

Mina aligeuka kunitazama. Mimi nilitazama mkeka.

Akaendelea, sauti ya chini, si ya ukali. Aliuliza kama kuna kitu mbele kinachotisha. Ningenyamaza. Lakini mtu huyu ananiuliza, na si watu wengi wanaouliza. Nikasema ninachoogopa ni mwisho wa kitabu.

Alikohoa kidogo. Halafu akasema yeye alihitimu akiwa kijana mdogo, akasherehekewa, akala mbuzi mzima, na kesho yake akarudi kwa mwalimu wake kwa kuwa hakujua pa kwenda. Mwalimu wake hakumfukuza. Alimwambia aketi, waanze tena, safari hii kwa maana.

"Kazi ya mwalimu si kumfikisha mtu mwisho wa kitabu," akasema. "Haya, soma."

Nikasoma. Sikukwama hata mara moja. Nilisoma mpaka koo likakauka, na bakora haikusikika. Mwishoni aliomba vitumbua mwenyewe.

Jumapili, 14 Shaabani

Kaka anatembea tena kifua mbele. Mwalimu wa Unguja amesahaulika. Siku imewekwa: Alhamisi ya tarehe ishirini na tano. Mbuzi kanunuliwa, yuko uani anakula kamba ya kuanikia nguo.

Mpango wetu mimi na Mina ni mwepesi. Wanaume wote watakaa upande wa Mwalimu. Sisi nyuma ya pazia kama siku zote. Mimi nasoma, Mina anapokea sifa, Saadani wanaridhika. Mina anaolewa. Nami nabaki na nilichokipata kichwani, hakuna wa kukichukua.

Nimejaribu hata hivyo kumfundisha Mina ukurasa wa mwisho wa Bakara, utakaosomwa siku hiyo, ikiwa litatokea la kutokea. Tumekaa jikoni, mimi nasoma, yeye anafuata. Sauti anayo nzuri, kuliko yangu. Akili inatoka kidogo inakwenda Saadani, inarudi imechoka. Nikamgonga goti kwa mwiko, mara moja, kama bakora. Akacheka. Nikamwambia herufi haikimbii, itazame mpaka ikuzoee. Nikasikia ninavyosema — Mwalimu Ausi mtupu! Kilichobaki ni kikohozi.

Mistari minne ameishika. Si haba kwa mtu aliyelala mwaka.

Jumatano, 24 Shaabani

Sisi wajinga! Sisi wapumbavu wawili!

Bi Tabia kawasili leo alasiri. Mwanamke mrefu, mwembamba, kavaa kaniki nyeusi isiyo na kunyanzi hata moja. Amekuja na mumewe, wajomba na Mrisho mwenyewe, ambao wamefikia nyumba ya jirani. Yeye akaingia kwa mlango wa uani, mlango wa wanawake. Nikampa shikamoo, akanipokea vizuri, akaketi, akanywa maji. Kisha akauliza kesho pazia litawekwa wapi.

Nikamwonyesha. Akasema vyema, basi yeye atakaa huku ndani na mkwewe, goti kwa goti, amsikie anavyovuta pumzi.

Huku ndani!

Mwaka mzima tumejificha kwa wanaume. Tumehesabu kila kikohozi cha Mwalimu, kila hatua ya Kaka mlangoni. Hatukukumbuka hata siku moja kwamba pazia ni la wanaume tu, mwanamke analipita kama upepo. Mimi mwenyewe ni mwanamke. Mimi mwenyewe nimekaa nyuma yake!

Mina anasema atajifanya sauti imemkauka. Ameanza kukohoa tangu magharibi. Anakohoa vibaya, kama mtu anayefukuza kuku. Bi Tabia amekwisha kwenda jikoni kumchemshia tangawizi.

Alhamisi, 25 Shaabani

Niko ghalani, kati ya magunia ya mbata, mlango nimeutia komeo. Wino umeniruka kwenye kanga mpya. Acha uruke. Niandike kabla sijasahau lilivyokuwa.

Ubani ulifukizwa. Wanaume wakajaa ukumbini mpaka barazani. Huku ndani tulikuwa watatu: Mina katikati, mimi kulia kwake, Bi Tabia mbele yetu, magoti yake yanagusa ya Mina. Mina akakohoa. Bi Tabia akamnywesha tangawizi, kikombe kizima. Sauti ikawa safi kama kengele. Mwanamke yule!

Mwalimu akasema, "Haya, msomaji wangu. Bismillahi."

Mina akasoma Fatiha. Akasoma vizuri, haki yake nampa. Akaingia ukurasa wa mwisho wa Bakara. Mstari wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa namvuta kwa macho. Wa tatu. Wa nne. Katika wa tano akafika katikati ya neno akaacha.

Bakora ikagonga mara moja.

Mina akanigeukia. Bakora ikagonga tena. Huko nje mtu akajikohoza. Neno limebaki nusu, linaning'inia hewani mbele ya watu wote wale.

Sikuamua kitu. Nasema kweli, kama kuna aliyeamua si mimi. Mdomo ulifunguka ukalimalizia lile neno, kwa sauti yangu hasa, si ile nyembamba. Kisha lile linalofuata. Nikasoma mpaka mwisho wa sura, nikiwa nimemwangalia Bi Tabia usoni kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuangalia. Nilijua naharibu. Na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Sijapata furaha kama ile kwa waume zangu wote wawili.

Wanaume wakaitikia amin. Nikamsikia Kaka akisema mashallah, Mina, mashallah.

"Aliyesoma si Mina," Bi Tabia akasema, wazi kabisa, kupitia pazia.

Ukumbi ukanyamaza. Hata mbuzi — hapana, mbuzi alikwisha kuchinjwa. Kaka akaanza, nani basi, vipi, maneno yakamgongana. Ndipo Mwalimu Ausi akasema, taratibu, kama anayeomba sahani:

"Najua. Msichana hupiga miayo kushoto, na sauti hutoka kulia. Tangu mwanzo."

Kaka akauliza, sasa mbona hukuniambia, Mwalimu? Akajibiwa kwamba angeambiwa, angemwondoa yule anayesoma.

Sikumwona uso. Sijawahi kumwona uso, mwaka mzima. Lakini nilitaka kulivuta lile pazia lidondoke.

Mina akalia kwa sauti, akasema ni Shangazi, ni Shangazi tangu mwanzo, mimi nalala tu. Wanaume wakanong'onezana. Nikajua posa imekwisha na nimeivunja mimi. Bi Tabia akanitazama. Hakucheka, hakununa. Akaniuliza nimeanza lini, nikamwambia. Akasema yeye alianza akiwa na wajukuu.

Kisha akaligeukia pazia akatoa hukumu yake, na hakuna mwanamume aliyemkatiza. Posa inabaki. Harusi itangoja mpaka Mina asome mwenyewe. Na wa kumsomesha ni shangazi yake, kila siku, uso kwa uso, kwa kuwa mistari ile minne si ya Mwalimu, ni ya mtu aliyekaa na huyu mtoto akamganda. Hawa wawili waje Saadani, wakae kwake.

Mwalimu akasema hapana! Sijamsikia akipandisha sauti kabla ya leo. Akasema mwanafunzi wake hajamaliza, ndiyo kwanza anaanza maana, hawezi kuchukuliwa kama mtungi. Bi Tabia akasema mwanafunzi gani, huyu ni mwalimu sasa. Mwalimu akasema anaweza kuwa yote mawili. Wakabishana juu yangu, mmoja huku, mmoja kule, pazia katikati linapeperuka kwa pumzi zao.

Nikanyanyuka polepole nikakimbilia huku.

Kaka amekuja mlangoni. Nilidhani anakuja kunifukuza. Aligonga kidogo, kwa kucha, kama mgeni. Akaita jina langu. Akakaa chini, nimesikia mgongo wake ukigusa mlango.

"Ashatu. Kule wanagombana, nami sina la kuwaambia. Wewe unataka nini?"

Sauti yake haina kicheko.

Nimemwambia angoje kidogo. Anangoja — nasikia anavyohema. Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu, si na yeye, si na waume, wala mimi sikujiuliza kwa maneno. Acha niliweke hapa kwanza nilione linavyokaa. Nitamsomesha Mina, lakini hapa hapa Bagamoyo. Na Jumamosi Mwalimu Ausi aje kama kawaida, akae upande wake. Akigonga bakora, awe ananigongea mimi.

Limekaa. Halikupinda. Sasa kulisema kwa mdomo.

Kaka ameuliza tena. Nimeshika komeo kwa mkono wa kushoto, na huu wa kulia bado una wino.